Malkia wa Sehemu ya Arobaini na Tatu

Siku Bibi aliporudishwa kutoka hospitali, kitanda chake kilikwama mlangoni.

Wapagazi wawili walikisukuma, wakakirudisha nyuma, wakakilaza upande, wakakisukuma tena. Mlango wenyewe ulikuwa mpana. Kilichozuia kilikuwa ndani. Daktari alikuwa ameagiza mgonjwa alazwe chumba cha mbele, kwa sababu kiko chini, kina mlango wa kufungwa na dirisha kubwa, na kimepakana na choo. Lakini chumba hicho kilijaa milango ya friji. Ilikuwa milango ishirini na kitu, imesimamishwa kuzunguka kuta zote, imepakwa rangi ya kijivu, imetobolewa na kutiwa taa ndogo nyekundu na za bluu. Katikati palikuwa na jukwaa la mbao, na juu yake kiti cha kinyozi.

"Hii nini, mzee? Baa?" mpagazi mmoja aliuliza.

"Chombo cha anga," alijibu mwenye nyumba.

Mpagazi alimtazama mwenzake. "Kinaruka?"

"Ni cha kuigizia."

"Ahaa." Akajifuta jasho. "Basi kiambie kisogee kidogo, mgonjwa apite."

Mwenye nyumba alikuwa fundi wa friji, mwanamume wa miaka hamsini na moja, lakini wengi walimwita Kapteni. Kwa miaka kumi na mitano yeye na marafiki zake walikuwa wakitengeneza tamthilia yao ya safari za anga. Walikuwa wakiendeleza kisa cha mchezo wa zamani wa televisheni, walioupenda ujanani na ambao ulikatizwa kabla ya kufika mwisho. Wenye mchezo ule waliwaruhusu kwa sharti moja: mtu yeyote asilipwe na chochote kisiuzwe. Sharti hilo walilifanya kama dini. "Sisi ni watu wa kujitolea," walisema, na walilisema kwa sauti ya mtu aliyetoka kulisha yatima. Walikuwa wamemaliza sehemu arobaini na mbili. Ya arobaini na tatu ndiyo ya mwisho.

"Wiki tatu tu, mke wangu," Kapteni alinong'ona. "Tukiibomoa milango hii sasa hatutaweza kuipanga tena ilivyokuwa. Taa moja ikihama, watazamaji wanaona. Wanaandika."

"Daktari amesema chumba chenye mlango."

"Korido ina mlango. Tena ina miwili."

Mkewe alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Kitanda kikawekwa koridoni, kati ya jiko na Chombo, mgonjwa juu yake, macho yake yakifuata nyufa za dari. Mama yake Kapteni alikuwa mwanamke aliyesimamia wodi ya wazazi miaka ishirini na sita. Alipoingia wodini wauguzi walisimama, na aliwahi kumtoa nje kwa sikio daktari kijana aliyemfunua mama mjamzito bila kuvuta pazia. Sasa kiharusi kilikuwa kimechukua upande wake wa kulia na karibu maneno yake yote. Mkono wa kushoto ndio uliobaki mzima.

Mkewe Kapteni alikuwa dobi katika hospitali hiyohiyo, naye ndiye aliyefundishwa na muuguzi namna ya kumhudumia. Alimsimamisha mumewe kando ya kitanda.

"Nisikilize. Akiinua mkono huu, anataka poti. Usimwambie asubiri. Hawezi kujizuia hata dakika mbili."

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Mkono wa kushoto, poti," alisema Kapteni, huku macho yake yakiwa kwenye taa moja ya bluu iliyokuwa ikiwakawaka vibaya ndani ya Chombo.

*

Jumamosi walikuja watu wa kujitolea.

Alikuja Kamera, mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye aliyepiga picha na kuziunganisha. Alikuja Rangi, msusi wa saluni, aliyepaka watu nyuso za kijani na za fedha. Wakaja ndugu wawili mapacha waliouza vyuma, ambao kwa miaka minane walikuwa wamecheza walinzi bila kupewa neno la kusema. Akaja Mhasibu, ambaye kweli alikuwa mhasibu, na katika tamthilia alikuwa Mfalme wa maadui. Kinyago chake cha mpira chenye pembe hakikuwahi kuoshwa, kwa kuwa maji yangeharibu rangi, na ndani yake mlikuwa na jasho la miaka tisa.

Ili kuingia katika Chombo ilibidi wapite koridoni, na ili kupita koridoni ilibidi wajibane kati ya ukuta na kitanda. Mwanzo walipita upande upande, wakisema "Samahani, Bibi, shikamoo." Kufikia saa tano walikuwa wamechoka kusema samahani. Pacha mmoja aliketi ukingoni mwa kitanda akala viazi vya kukaanga, mafuta yakidondoka kwenye shuka. Mhasibu akavua kinyago chake, akatafuta mahali pa kukiweka, akakiweka juu ya miguu ya mgonjwa.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi, hakiumi," alimwambia mkewe Kapteni, akacheka.

Shemeji wao hakucheka. Yeye wote walimwita Sindano, kwa sababu ndiye aliyewashonea sare zote tangu sehemu ya kwanza. Alikichukua kinyago kwa vidole viwili, akakitupa jikoni sakafuni. Kisha akarudi kumwosha mama mkwe wake. Aliomba wote wakae ndani ya Chombo kwa robo saa. Walikaa dakika sita. Pacha wa pili akafungua mlango akitafuta waya, akaona alichoona, akafunga. Mgonjwa alifumba macho. Sindano alivuta shuka kwa meno, maana mikono yote miwili ilikuwa na sabuni.

Mchana Kamera alileta hoja. Kila jambo kwao lilikuwa hoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yao nyingine: kwamba katika Chombo hakuna bosi, hata Kapteni si bosi, na kila uamuzi huamuliwa kwa kuinua mikono.

"Nahitaji kamera irudi nyuma mpaka koridoni," alisema. "Kitanda kisogezwe kama mita moja. Wanaokubali?"

"Kikisogezwa mita moja, kichwa cha Mama kitakuwa kwenye mlango wa choo," alisema Sindano.

"Choo chenyewe tutakitumia kwa uangalifu, shemeji."

"Kwa uangalifu namna gani?"

Hakuna aliyejua. Mikono mitano ikainuliwa, na kitanda kikasogezwa. Tangu hapo kila aliyeingia chooni alifungua mlango ukagusa kichwa cha kitanda, na kila aliyetoka alitoka na harufu yake, ikamshukia mgonjwa usoni.

Jioni, wageni walipoondoka, Sindano alimgeuza mama mkwe wake na kukuta mahali pekundu mgongoni, pana kama sarafu. Alijua kinachofuata. Mashuka ya wagonjwa wa namna hiyo aliyapokea kila siku kazini, na alijua harufu yake.

"Kidonda kinaanza," alimwambia mumewe. "Anahitaji hewa, anahitaji kugeuzwa bila watu kumruka kama gogo. Nataka kile chumba."

"Picha mbili zimebaki. Kifo cha Malkia, na kuondoka kwa Chombo. Mbili, mke wangu. Miaka kumi na mitano, halafu tushindwe kwa picha mbili? Ng'ombe mzima tumemla, tumefika mkiani."

"Mnayemla mimi simjui. Mimi namwona mama yako."

"Kwani mimi simwoni?"

Akapita kando ya kitanda kwenda kurekebisha taa, na hakugeuza kichwa.

*

Siku mbili baadaye Kapteni alimletea mkewe vipimo vya joho la Malkia wa sayari inayokufa. Malkia angechezwa na karani mmoja wa benki aliyekuwa na sura ndefu ya kupendeza.

Sindano alilishona kazini, wakati wa mapumziko, kwenye cherehani ya kutilia viraka mashuka. Lilikuwa la kitambaa cheupe chepesi, na kwa kuwa Malkia alitakiwa kulala katika picha yote, Kapteni alisema mgongo uachwe wazi na ufungwe kwa kamba, livalike upesi. Sindano alipinda kila ukingo mara mbili. Huo ulikuwa udhaifu wake: hata akiwa na hasira hakuweza kushona vibaya.

Jumamosi iliyofuata msimamizi wa udobi alimbadilishia zamu, ikambidi aende kazini. Alimgeuza mama mkwe wake alfajiri, akamlisha, akamwekea poti karibu, akamwambia mumewe maneno yaleyale.

"Mkono wa kushoto."

"Poti. Najua. Nenda, utachelewa."

Alirudi saa tisa alasiri. Watu walikuwa wameshaondoka na nyumba ilikuwa kimya. Koridoni alikuta mama mkwe wake amegeuzia uso ukutani. Gauni lake la kulalia lilikuwa limevishwa ndani nje. Godoro lilikuwa limelowa, na si kwa maji. Sindano aliushika uso ule taratibu, akaugeuza kwake. Ngozi ilikuwa nyekundu, imesuguliwa, inang'aa, na kwenye mstari wa nywele palikuwa na alama ya rangi ya fedha.

"Mama. Wamekufanya nini?"

Mdomo ulihangaika muda mrefu upande mmoja.

"Ai," ulisema. Halafu: "bu."

Kapteni alikuwa ndani ya Chombo, ameketi kwenye kiti cha kinyozi, kompyuta magotini. Alikuwa na uso wa mtu anayeficha zawadi.

"Nani amemgusa Mama?"

"Usikasirike kwanza. Njoo uone. Yule karani wa benki hakuja. Tumepiga simu, hapokei. Watu wamesafiri, wamejitolea siku nzima, wamekaa tu. Tukawa tumekata tamaa kabisa. Ndipo Kamera akasema, lakini Malkia tunaye. Kweli tukatazama. Uso ule! Wallahi, hata aliyesomea uigizaji hana uso ule. Njoo."

Akageuza kompyuta.

Sindano aliona milango ya friji iliyolazwa kama meza ndefu, na juu yake mama mkwe wake, uso umepakwa fedha mpaka shingoni, amevaa joho aliloshona yeye. Kandokando walisimama walinzi wawili. Kapteni, katika sare yake, alipiga goti.

"Ewe Malkia," alisema yule Kapteni wa kwenye picha, "je, unaturidhia tubebe kumbukumbu za watu wako?"

Mkono wa kushoto wa Malkia uliinuka.

"Ameridhia!" walisema walinzi. Kumbe walikuwa wamepewa neno hatimaye.

Mkono ulishuka, ukainuka tena. Kapteni aliushika, akaubusu, akaulaza kifuani kwake. Uliinuka mara ya tatu, safari hii ukitetemeka, vidole vimefunguka. Kisha haukuinuka tena. Chozi lilitoka jicho la kushoto likachora mfereji katika rangi. Na chini, kwenye joho jeupe, doa lilianza kutanuka polepole. Kamera ilisogea karibu, ikauacha mwili, ikabaki na uso. Mwishoni palisikika makofi.

"Unaona?" alisema Kapteni. Macho yake yalikuwa na machozi. "Chozi la kweli. Na usidhani tulimlazimisha. Tulimuuliza kabla, mbele ya wote: Mama, utatusaidia? Akainua mkono mwenyewe."

"Kabla."

"Ndiyo."

"Na katika picha, mara tatu."

"Mara tatu! Bila kuambiwa."

"Alikuwa anaomba poti," alisema Sindano.

Kapteni alitazama kompyuta, akairudisha nyuma, akaitazama tena bila sauti. Mkono uliinuka. Mkono uliinuka. Mkono uliinuka. Uso wake ulianza kubadilika, na kwa kitambo Sindano aliona kijana aliyemwoa, na akangoja. Alimngoja aseme neno moja tu, lolote.

"Lakini haionekani sana," alisema Kapteni. "Na hata ikionekana, si mbaya. Tulishasema katika sehemu ya arobaini kwamba watu wa sayari ile wakifa huyeyuka. Watazamaji watajua ni hilo."

Sindano alikwenda jikoni, akainama juu ya sinki. Alisimama pale akiwa ameshika bomba. Alizoea kusali akiwa kazini, mikono ndani ya maji. Alisali hivyo kila siku, bila kufumba macho. Alianza kuomba apewe moyo wa kusamehe, akagundua kwamba hauombi kwa kweli, na Mungu hadanganywi. Basi akaomba nguvu za kugeuza godoro. Hizo alipewa. Aliligeuza peke yake, akamwosha mama mkwe wake, akambadilisha, na pale mgongoni palipokuwa pekundu akaona ngozi imepasuka. Mlango wa friji ni mgumu.

"Ifute," alimwambia mumewe.

"Siwezi kufuta peke yangu. Kamera ana nakala nyingine. Na si yangu, ni yetu sote. Kesho tutaitisha kikao."

*

Kikao kilifanyika Jumapili saa nane mchana, ndani ya Chombo. Mlango wa koridoni uliachwa wazi kwa kuwa Mhasibu alisema kuna joto.

"Shemeji, kwanza pole," alianza Mhasibu. "Limetokea jambo la kibinadamu. Sote tuna wazazi. Lakini tuwe watu wazima. Kila aliyemo humu ametoa kitu. Mimi miaka tisa naoza ndani ya kile kinyago, sijalipwa hata nauli. Mapacha wamesimama miaka minane. Wewe umeshona. Huku ndiko kujitolea: kila mtu anatoa alicho nacho."

"Mama alijitolea lini?"

"Alipoinua..." alianza Kamera.

"Mimi nilisikia harufu," alisema Rangi ghafla. Alikuwa ameketi sakafuni, akitazama kucha zake. "Nisiseme uongo. Nilikuwa karibu naye, nashika sifongo. Niliisikia, nikajua ni nini. Nikasema moyoni, nikisimamisha kamera watanila nyama. Nikanyamaza. Na huyu," akamnyooshea Kamera kidole, "aliona pia. Ndiyo maana alipandisha kamera juu."

Kamera alivua miwani akaifuta. "Nilipandisha ili kumstahi."

"Ungemstahi ungezima," alisema Sindano.

"Jamani, hoja," alisema Mhasibu. "Wanaotaka picha ifutwe?"

Sindano aliinua mkono. Rangi aliinua wake.

"Wanaotaka ibaki, lakini jina la Bibi liandikwe mwishoni, kwa herufi kubwa, pamoja na shukrani za pekee?"

Mikono minne. Kapteni hakuinua kwa upande wowote. Kanuni zao zilisema Kapteni hupiga kura pale tu zinapolingana, naye aliishikilia kanuni hiyo kama mtu anayezama anavyoshikilia ubao.

"Basi hoja imepita," alisema Mhasibu, na kwa mazoea akagonga ukuta kwa ngumi kuifunga. Mlango wa friji ukalia.

Sindano alisimama. Walidhani atapiga kelele, na wengine walishajiandaa kumwita mwanamke mwenye hasira. Hakupiga kelele. Alienda kwenye kabati lililokuwa nyuma ya jukwaa, akalifungua, akazitoa sare zote kwa mafungu: nyekundu za mafundi wa injini, za bluu za madaktari, za walinzi, na ile ya Kapteni yenye mistari mitatu ya dhahabu mikononi. Akatoka nazo koridoni.

Walimwona kwa mlango uliokuwa wazi. Alimgeuza mama mkwe wake ubavuni, akaondoa kitambaa kilicholowa, akakitupa kwenye ndoo. Akakunja sare ya mlinzi mara nne, akaiweka chini ya mgonjwa. Juu yake akakunja ya pili. Kisha akafunga mlango. Alipoufungua tena, ndani ya ndoo mlikuwa na sare ya mlinzi, na harufu ikawaingilia wote ndani ya Chombo, wakaziba pua.

"Shemeji!" alipiga yowe pacha mmoja. "Hiyo ni yangu!"

"Mama anabadilishwa mara saba kwa siku," alisema Sindano. "Vitambaa vimeniishia. Sare ninazo sitini na mbili, nilizishona mwenyewe, na ninyi mmesema kila mtu atoe alicho nacho. Nikimaliza hizo za walinzi nitaanza za maofisa."

"Lakini picha ya mwisho!" alisema Kamera. "Wote wanatakiwa wawe wamevaa!"

"Zitafuliwa. Mimi ni dobi. Ila sisemi zitatoka na rangi gani."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Rangi, na kicheko chake kilikuwa karibu na kilio. Mhasibu aliitazama ndoo, akautazama ukuta, akasema labda hoja ilipitishwa kwa haraka, labda irudiwe. Ikarudiwa. Safari hii mikono yote iliinuka, na wa Kapteni pia, ingawa kura hazikulingana. Sindano hakuitazama mikono hiyo. Alimtazama Kamera afungue kompyuta yake, afute, afungue ya Kapteni, afute, na aape kwa watoto wake kwamba hakuna nakala nyingine. Hakumwamini. Alijua kwamba labda itakuja siku atakapoiona mahali, na chini yake watu wasiomjua mama mkwe wake wakisifu chozi lake. Hilo hakuwa na la kulifanya.

"Na chumba," alisema.

"Tupe mpaka mwisho wa mwezi, shemeji, tutafute pa..."

Sindano akachukua sare ya Kapteni, akaanza kuikunja.

"Leo," alisema Mhasibu. "Tutakihamishia Chombo gereji kwangu. Leo."

*

Kukibomoa Chombo kulichukua saa tano. Kila mlango wa friji ulipoondolewa ukutani, nyuma yake palionekana kuvu nyeusi, vinyesi vya panya, na vipande vya mkate vya miaka. Mpira wa kuzibia milango ulikuwa umeoza ukawa ute, ukawanata mikononi. Walikuwa wameketi ndani ya uozo huo miaka kumi na mitano, wakizungumza habari za nyota. Rangi alibaki nyuma, akachukua ufagio bila kuombwa. Sindano hakumkataza wala hakumshukuru.

Kapteni aliifunga milango kwa mablanketi, mmoja mmoja, akiifunga pembe ili isikwaruzike. Wa mwisho ulipopita koridoni aliketi juu ya jukwaa tupu akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, kama mtu aliyefiwa. Mama yake, hatua tano kutoka pale, aliisikia sauti hiyo. Alikuwa amengoja kuisikia tangu siku alipoanguka, na sasa aliposikia, alijua hakuliliwa yeye.

Siku iliyofuata chumba kilisuguliwa kwa dawa, dirisha likafunguliwa, na kitanda kikapita mlangoni bila kugusa popote. Sindano aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akajaza beseni maji ya moto, akatia sabuni, akaweka kitambaa juu ya ukingo, akamletea mumewe jikoni.

"Nini hii?"

"Leo ni wewe."

"Mke wangu, hapana. Mimi ni mwanamume. Ni mama yangu. Kuna mambo hayafai."

"Jumamosi alivuliwa nguo ukiwa umesimama hapo, mbele ya watu, na ilifaa. Mwili nitamwosha mimi, kama siku zote. Wewe mwoshe uso na mikono na miguu. Hilo mtoto yeyote anafanya."

Alilipokea beseni. Aliingia, na mlango ukabaki wazi kidogo. Sindano aliketi kwenye kiti koridoni, mahali palipokuwa na kitanda, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili aliinyoosha miguu yake. Dakika zikapita. Mumewe alitokeza kichwa.

"Sijui nianzie wapi."

"Nyuma ya masikio. Rangi yenu bado ipo."

Alirudi ndani. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akaukunja ule ukingo wa sikio kwa kidole kama mtu anayefungua kitu asichoruhusiwa. Kitambaa kilitoka na rangi ya fedha. Alikisuuza, akafuta tena, kikatoka na rangi tena. Maji yalianza kubadilika. Alitaka kusema kitu, akasema, "Mama." Mama alikuwa ametazama dirishani na hakugeuka, ila aliinamisha kichwa kidogo, upande mwingine, ili mwanawe alifikie na sikio la pili.